Swali la Kumi na Tisa

Stashahada ya haki jinai niliipata mwezi Mei, nikiwa na miaka arobaini na mmoja, pamoja na wenzangu walio rika la mwanangu. Miaka miwili katika chuo cha kaunti, jioni, baada ya kutoka kazini kwenye jiko la shule. Huku kwetu mashariki mwa Kentucky, Marekani, makaa ya mawe yamekwisha. Kazi yenye bima ya matibabu iko gerezani, pale mlima ulipokatwa kuchimbwa makaa. Binti yangu Callie ana pumu, na dawa yake ya kuvuta naipata mwezi huu, mwezi ujao siipati.

Fomu ya kuomba uaskari wa magereza ilikuwa na maswali arobaini. Nilijaza yote isipokuwa la kumi na tisa: Je, unamtembelea au kuwasiliana na mfungwa yeyote wa jimbo hili? Ukijibu ndiyo, hawakuiti. Mwanangu Wade anatumikia miaka minne kwa kuuza vidonge vya kulevya, katika gereza jingine, saa mbili kwa gari. Nilikuwa naenda kila Jumamosi.

Jumamosi moja nikamweleza huku tunakula biskuti za kununua kwenye mashine ya pale chumba cha wageni gerezani.

"Si uandike hapana tu," akasema.

"Nimesoma maadili muhula mzima nikaongoza darasa. Nianze kazi kwa uongo?"

"Mama naye. Utakuwa askari pekee Kentucky nzima anayesema kweli."

"Nyamaza ule."

Akacheka. Kisha akauliza, "Callie anapumuaje?"

"Vibaya."

Akakunja karatasi ya biskuti mpaka ikawa ndogo kama punje ya mahindi. Kisha muda ukaisha.

Jumamosi iliyofuata, kwenye dirisha la kupokea wageni pale gerezani alikuwepo Tamsin Ratliff. Tulisoma pamoja chuoni, alikuwa ananakili madokezo yangu. Yeye hana ndugu kifungoni, kwa hiyo aliajiriwa upesi.

"Bi Verna, haumo."

"Simo wapi?"

"Kwenye orodha ya wageni wa Wade. Kakufuta mwenyewe, Jumatatu. Simu na barua pia kakataa."

"Angalia tena, Tamsin."

"Nimeangalia mara tatu, mama. Samahani."

"Basi mwambie nimekuja."

"Siruhusiwi. Kanuni unazijua, wewe ndiye uliyenielewesha."

Nilirudi garini na mfuko wangu wa sarafu za mashine. Fomu ilikuwa kwenye kiti cha pembeni. Nikaiegemeza kwenye usukani nikaandika: Hapana. Ilikuwa kweli tupu, na kalamu haikusita.

Waliniita kazini Agosti, gereza la huku kwetu. Callie ana dawa kila mwezi sasa. Mimi wamenipanga dirisha la wageni, siku za Jumamosi.