Dume la Usalama

Nicodemo alikuwa na kipaji kimoja tu: kuamini kwamba jambo lisiloandikwa halikutokea. Kwa kipaji hicho alipewa cheo cha ofisa usalama katika shamba la ngano la serikali, kule tambarare chini ya Mlima Hanang, na kwa kipaji hicho hicho alikuwa mbioni kuhamishiwa makao makuu Arusha, kwenye nyumba yenye umeme na bomba la ndani.

Alikuwa mtu wa kijiji cha Tlawi, mtoto wa wakulima wa maharage, lakini usingemjua. Tangu avae kofia ngumu nyeupe, ya pekee shamba zima, aliacha kuamkia wazee. Akonaay, dereva wa trekta aliyelingana umri na baba yake mzazi, alipita mbele yake kila asubuhi, naye Nicodemo akajifanya anatazama saa. Akisubiri aamkiwe yeye.

Kazi ya usalama aliifanya kwa dume. Aliwakusanya watu wa timu ya kupulizia dawa ya magugu akawatangazia kwamba wakimaliza msimu bila ajali watachinjiwa ng'ombe dume, mnono, aliyefungwa mbele ya ofisi ili kila mtu amwone. Ajali moja tu, iwe ni mtu kuumia, mpira wa pampu kupasuka au dawa kumwagika, dume anauzwa. Juu ya kichwa cha mnyama alitundika ubao wa rangi ya kijani: SHAMBA HILI HALINA AJALI. Glavu hakununua. Miwani ya kukinga macho hakununua. Dume ni rahisi zaidi, tena dume anapigiwa makofi.

Watu wakamwita huyo dume Usalama. Zilikuwa enzi za mshahara unaokuja ukitaka, na nyama ilikuwa ya Krismasi. Kila aliyepita ofisini alitupa jicho kwenye mapaja yake.

Msimu wa kwanza, mkanda wa mashine ulimng'oa Tadeo kidole. Tadeo alikuwa fundi wa pampu, mtu asiyejua kusema uongo. Alienda zahanati ya shamba kwa muuguzi Kornelia, akaeleza kilichotokea, ikaandikwa. Kesho yake Usalama akaswagwa kwenda mnadani Katesh. Hakuna aliyemuuliza Tadeo kidole kinaendeleaje. Wenzake walimnunia mpaka mavuno, na mke wake akakosa hata wa kumtwisha debe la maji.

Msimu wa pili akaletwa dume mwingine, naye akaitwa Usalama, na watu walikuwa wameshika somo. Kuanzia hapo hakuna aliyeumia kazini. Waliumia nyumbani, wote, kwa shoka. Alfredi aliyeungua mgongo kwa dawa alijikata na shoka. Aliyekanyagwa na trela naye alikuwa akipasua kuni.

"Shoka tena?" Kornelia aliuliza.

"Shoka, dada."

Nicodemo alipopita zahanati na kuambiwa hayo, alitabasamu mpaka masikioni. "Watu wa huku wanapenda mno kuni," alisema, akaondoka na kofia yake.

Dawa nayo ilikoma kumwagika. Pipa likivuja, walilisukuma taratibu mpaka bwawani, wakamimina yote, wakalisuuza na kulirudisha stoo likiwa safi. Bwawa lilikuwa la kunyweshea mifugo. Mbuzi wa jirani wakafa, na ikasemekana ni minyoo. Nicodemo alisimama siku moja pale ukingoni, harufu ikampanda puani mpaka akapiga chafya, kisha akaenda zake kula. Pua alikuwa nayo, jamani. Alichokosa ni haya.

Siku moja kabla ya mgeni rasmi kuja kutoka wizarani, Nicodemo alikwenda shambani kufanya mazoezi ya maonyesho. Alitaka mgeni akute pampu inafanya kazi na yeye mwenyewe amesimama kando, mkono mmoja juu ya mpira, kama mwenye mali. Mpira huo ulikuwa umefungwa kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, tangu palizi ilipoanza.

"Ndugu Ofisa," Akonaay alisema kutoka kwenye trekta, "huo mpira umechoka."

"Umeripotiwa?"

"Haujaripotiwa."

"Basi haujachoka. Washa."

Akonaay alimtazama Tadeo, Tadeo akatazama chini. Trekta likawashwa. Pampu ikanguruma, ukanda wa tyubu ukakatika, na dawa ikamjaa Nicodemo usoni. Kofia nyeupe ikabingirika kwenye tope.

Alilia kama mtoto, na hapo simcheki, maana dawa ile inachoma. Kisha akaanza kukimbia akipapasa kuelekea bwawani. Akonaay aliruka chini akamkamata mshipi.

"Si huko."

"Niache, mzee. Macho yanaungua."

"Bwawa lina dawa kuliko pampu."

"Nani ameimwaga?"

"Hakuna aliyemwaga," Akonaay alisema. "Ingemwagika ungeambiwa."

Wakamlaza chali wakammiminia usoni maji yao ya kunywa, galoni nzima, na hayo ndiyo yaliyokuwepo. Wakampandisha trekta mpaka zahanati, wakikimbiza chombo kile kuliko kilivyowahi kukimbizwa.

Kornelia alimsafisha macho kwa muda mrefu. Alipomaliza akainua kope la jicho la kushoto. Lilikuwa na ukungu, kama maziwa yaliyochanganywa na maji.

"Hili la kulia nadhani litapona," alisema. "La kushoto linataka daktari wa macho, na ni leo hii. Landrova iko hapo nje."

"Muite dereva, basi."

"Dereva hatoki bila ripoti ya ajali yenye sahihi ya ofisa usalama. Uliagiza mwenyewe."

Mlangoni timu nzima ilikuwa imesimama, imelowa dawa na jasho. Nje Usalama alilia mara moja, akaendelea kucheua. Tadeo akasogea, akaupumzisha mkono wake wenye pengo juu ya kitanda.

"Andika, Ndugu Ofisa," alisema. "Dume tumeshamsamehe. Tumeongea sote."

Wale wale waliomnunia Tadeo msimu mzima ndio waliokuwa wakitikisa vichwa kukubali. Mtu apewe nini tena? Alikuwa amefunguliwa mlango wa kutokea, na waliomfungulia ni watu ambao yeye aliwafungia milango yote. Alichotakiwa ni kuandika sentensi moja ya kweli, kwa mara ya kwanza katika ajira yake.

Akafikiria Arusha. Akafikiria swichi ya umeme ukutani, ubao wa kijani, na mgeni akisoma ubao huo kwa sauti. Kwa muda kidogo alifikiria na jicho.

"Hakuna ajali iliyotokea," alisema.

Watu wakatoka mlangoni mmoja mmoja. Kornelia akachukua kalamu yake.

"Niandike shoka?"

"Andika shoka," alisema Nicodemo.

Siku ya sherehe Hanang ulikuwa umejificha wote kwenye mawingu, na manyunyu yalianza kabla ya hotuba. Nicodemo alivaa miwani nyeusi. Mgeni rasmi alipomuuliza, akajibu kwamba jua la huku ni kali. Mgeni akatazama mwavuli alioshikiwa, akaamua kuwa si kazi yake. Nicodemo akaisema hotuba kwa kichwa, kwa kuwa kusoma hakuweza, na alipofika mahali pa kusema shamba halijapata hata ajali moja, timu ya dawa ilipiga makofi marefu kupita wote. Nyuma ya ofisi Usalama alikuwa tayari kwenye moto.

Mgeni akamsifu, akatangaza uhamisho wa Arusha, akanyoosha mkono ampongeze. Aliunyoosha upande wa kushoto. Nicodemo aliendelea kutabasamu akitazama mbele, na mkono wa mkubwa ukabaki hewani unanyeshewa, huku watu wote wakiuona isipokuwa yeye.

Tadeo ndiye aliyepita nyuma yake akamgeuza bega.

"Shikamoo, mzee," Nicodemo alisema haraka, akidhani ni Akonaay.

Tadeo hakumsahihisha. Alikwenda zake kupanga foleni ya nyama.