Vinywele Vilivyoota Upya

Mama mkwe aliingia maabara bila hata kupiga hodi, pochi kwapani, uso ameukunja. Alikuwa amesikia kwamba mke wa mwanawe, mtafiti wa hapo, mjamzito, anachezea mionzi.

"Mwanangu, maisha ya mjukuu wangu umeyaweka rehani?"

"Karibu, mama. Ile mashine mimi siigusi. Iko nyuma ya ukuta ule, na mwenye kuiwasha ni yule pale."

Yule pale alikuwa fundi wa mionzi, waliyembandika jina la Risasi kwa sababu ya aproni yake ya madini ya risasi ya kukinga mionzi, nzito kama gunia la mahindi. Akapunga mkono.

Mtafiti akamvutia mkwewe kiti. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kazi yake aliijua nje ndani. Akamweleza kwamba anachunguza viinitete vya wale wanyama wa baharini wenye miiba, wanaochoma watu nyayo. Kiinitete kina vinywele vidogo mno, ndiyo makasia yake ya kuogelea. Ukikitia kwenye maji ya chumvi kali, vinapukutika. Ukikirudisha kwenye maji ya kawaida ya bahari, vinaota upya. Mkuu wa maabara alishikilia, hata kwenye rasimu ya ripoti yao, kwamba kikishapigwa mionzi, hakioti kitu.

"Nawe wasemaje?"

"Vitaota, mama. Vifaa vya kujengea vilikuwamo ndani ya seli kabla ya mionzi. Vitachelewa tu."

Asubuhi hiyo Risasi alikuwa amevipiga mionzi viinitete kadhaa na kuviacha vingine, naye mtafiti akavipukutisha vyote vinywele kwa chumvi, kisha akavirudisha kwenye maji ya kawaida. Sasa viinitete vilivyopigwa mionzi vilikuwa vimelala kwenye kisahani kama chembe za mchanga. Mama mkwe akainamia hadubini, akatulia tuli.

"Hivi vimeshakufa," akanung'unika. Mara akadakia, "Ngoja! Kimoja kimejitingisha. Kinazunguka! Na kile nacho!"

Mtafiti akachungulia. Vinywele vilikuwa vifupi kuliko vya kundi lisilopigwa mionzi, lakini vilikuwepo, vinachapa maji. Akacheka kwa sauti, akamwita mkuu. Mkuu akachungulia, akabadilisha lenzi, akachungulia tena.

"Umenishinda," akasema. "Rudia jaribio. Likitoka hivi, tunaandika ripoti upya."

Likarudiwa, likatoka vilevile, na ripoti ikaandikwa jina la mtafiti likitangulia. Mama mkwe naye aliwatangazia majirani wote kwamba wa kwanza kuviona ni yeye. Hapo hakuna aliyeweza kumbishia.