Alhamisi Kabatini

Alhamisi iliyokuwa siku ya mwisho ya kuomba udaktari, Praxeda binti Manase alifika mapema katika Ofisi ya Ushauri wa Wanachuo, nyuma kidogo ya soko la Ngamiani. Baba yake alikuwa amemleta kwa baiskeli kutoka Pongwe, akamshusha kwenye kona, akamfuta vumbi begani, akageuza kurudi kazini. Ilikuwa likizo ndefu ya mwaka 1956. Praxeda alikuwa amemaliza mwaka wa pili wa ualimu chuo kikuu, kule ng'ambo ya Ziwa, na kanuni ilikuwa moja: mwanachuo wa mwaka wa pili mwenye alama za kutosha aliweza kuhamia udaktari, mradi mshauri wa kwao amgongee muhuri kabla ya siku ya mwisho kwisha. Alama alikuwa nazo. Kilichobaki ni muhuri.

Chumba cha kungojea kilikuwa na benchi moja refu, meza ya karani, na kabati kubwa la mninga lililosimama kando ya mlango wa mshauri. Praxeda alimwamkia karani, Bwana Idarusi, akaketi mwisho wa benchi. Hapo ndipo harufu ilipompata.

Ilikuwa harufu ya papa. Papa mbichi ana harufu yake na papa mkavu ana yake, na watu wa Tanga hula wote wawili bila neno. Huyu alikuwa papa aliyekwama katikati. Harufu yake ilikuwa na utamu ndani, kama tunda lililoanza kuvuja, na ilikaa kooni hata mtu akiacha kuvuta pumzi. Wenzake wa benchini walikuwa wameziba pua kwa leso na mikono ya kanzu. Mmoja alipomwona ameketi, alisogea.

Bwana Idarusi aliinua macho. "Wewe watoka wapi, dada?"

"Pongwe. Shamba la katani."

"Nami nasema," akasema karani, akichovya kalamu. "Korona imekuja mjini."

Benchi lilicheka kidogo, kwa ndani ya leso.

Korona ni kinu kinachokwangua majani ya mkonge mpaka zibaki nyuzi. Makapi yake ya kijani hutupwa mtoni yakachacha, na nyumba za wafanyakazi hujengwa upande unakoelekea upepo. Manase alikuwa amefanya kazi koronani tangu kabla Praxeda hajazaliwa, na pua yake ilikuwa imekufa zamani. Katika shule ya bweni, kila muhula ulipoanza, wasichana walifungua madirisha Praxeda alipoingia. Alijifunza kujinusa kabla watu hawajamnusa. Basi alinusa kiganja chake, akanusa bega la gauni lake la kanisani alilolianika kutwa nzima juani, na kwa kuwa harufu ile ilikuwa kila mahali, akaikuta na hapo.

Alingoja. Bwana Idarusi aliwaita watu polepole, akamruka mara moja, akamruka tena. Jua lilipokaribia utosini, Praxeda aliamua kwamba hawezi kusimama mbele ya Bwana Ernesti, mshauri, akiwa hivyo. Mtu anayeomba kuwa daktari haingii akinuka. Aliinuka, akaomba radhi kwa kila goti alilolipita, akatoka.

Nyumba ya pili kutoka ofisini alikaa Bi Kijakazi, mfagiaji wa pale. Praxeda alimwamkia shikamoo, akamwomba maji ya kuoga. Bi Kijakazi hakuuliza sababu. Yeye mwenyewe alioga kila alipotoka kazini. Alimpa ndoo, kipande cha sabuni na ndimu ya kusugulia kwapa.

Praxeda alikuwa amejipaka povu mwili mzima magharibi ilipoingia.

Haikuwa giza la mvua. Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa punde tu, na sasa muadhini alipanda tena akaadhini magharibi. Waumini waliokuwa wakivaa viatu mlangoni mwa msikiti walivivua, wakarudi ndani, na sala ya alasiri, ambayo saa yake haikupata kufika, ikalipwa kadha. Wanawake wa Ngamiani waliuanua mchele wao ungali na unyevu. Kule Pongwe korona ilisimama majani yakiwa mdomoni mwa mashine, na wafanyakazi wakarudi nyumbani bila kuandikiwa siku katika kadi ya kipande, maana kazi ya siku haikwisha.

"Ameikata tena," alisema Bi Kijakazi nje ya bafu, akimpitishia kanga juu ya ukuta.

"Nani, bibi?"

"Bwana Ernesti. Siku ikiwa ya mwisho huikata ingali mbichi, akaitia chumvi, akaitundika kabatini. Mle ndani zimo za uuguzi, zimo za kilimo, zimo za kwenda Ulaya. Awekea watu wake. Lakini mtu wa bara yule, hajui ng'onda. Samaki wampasua, wamtia chumvi, wamwanika. Yeye kuanika aogopa, ati jua litaondoka nayo. Basi yaoza tu."

Praxeda alisimama na povu likimkauka mgongoni.

"Kwa hiyo harufu ile si yangu?"

"Yako waitoa wapi, mwanangu? Wewe wanukia ndimu."

Kesho yake Praxeda alirudi ofisini. Bwana Ernesti alimpokea mwenyewe. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwalimu wa zamani, mzee wa kanisa lile lile alilosali Manase, na viganja vyake vilikuwa vimechubuka kwa chumvi. Alimwagizia chai.

"Shikamoo, bwana mshauri."

"Marahaba, mwanangu. Baba hajambo? Mwambie nimeikosa sauti yake ya besi kwaya." Aliposikia haja yake, alitikisa kichwa kwa huruma. "Siku imekwisha. Jana ilikuwa siku fupi, sote tumeona. Ushauri wangu ni huu: anayetaka jambo huja mapema."

Chai ilikuwa na utando juu. Praxeda aliinywa, kwa kuwa mzee ndiye aliyempa, akaaga akatoka.

Juma lililofuata alikwenda tena, safari hii kuomba cheti cha kuendelea na ualimu, maana ndiyo njia iliyobaki wazi. Chumba kilikuwa kibaya kuliko mwanzo. Kutoka chini ya kabati maji yenye rangi ya chai yalichuruzika hadi miguu ya benchi, na watu walikaa wameinua nyayo. Nzi walikuwa wamelala juu ya kitasa cha kabati, hawaruki hata wakipungiwa mkono. Bi Kijakazi alizunguka na chetezo cha ubani. Zamani alifukiza kila Alhamisi kama desturi. Sasa alifukiza kila siku, kwa sababu mle ndani ilikuwa Alhamisi kila siku.

Luka aliingia karibu na adhuhuri. Baba yake alikuwa mkuu wa makarani katika shamba lile lile la Pongwe. Alisoma mwaka mmoja na Praxeda, na alikuwa kijana mwenye adabu.

"Praxeda! Habari za likizo? Nawe wahamia udaktari?"

"Nilichelewa."

"Aa, pole sana. Mimi nilikuwa Mombasa harusini, nimerudi jana."

Bwana Ernesti alitoka, akamshika Luka mkono, akamuuliza habari za bwana harusi. Kisha akafunga madirisha, akafungua kabati, na kwa mikono miwili akatoa siku.

Ilikuwa pana kama samaki taa mkubwa, nyeupe upande wa tumbo, imelegea. Chumvi ilikuwa imeganda kingoni, na katikati, palipo laini, funza walikuwa wakijipangapanga. Aliitundika kwenye msumari ukutani. Mwanga ulitoka ndani yake, wa manjano, wa adhuhuri ya Alhamisi, na kivuli cha meza kikajikunja kikarudi chini ya meza. Bwana Idarusi alibadilisha tarehe kwenye muhuri bila kuangalia. Watu wa benchini walikohoa. Mtu mmoja alitapika katika kofia yake, akaomba radhi.

"Luka, mwanangu, sogea," alisema Bwana Ernesti. "Umewahi."

Praxeda alisimama. "Bwana mshauri. Siku hiyo ni ya watu wote. Jua lake lilitoka kwetu pia."

"Ni kweli kabisa."

"Basi nami nigongee."

Bwana Ernesti alifikiri. Hakuwa mtu wa kujibu kwa pupa. "Wewe Alhamisi ulikuwapo, Praxeda. Ulikuja, ukakaa, ukaondoka kwa miguu yako. Luka hakuwapo, kwa hiyo hajaondoka. Mtu hawezi kuja mara mbili katika siku moja. Isipokuwa," akaongeza, akielekeza kidole, "yule ambaye bado amekaa."

Praxeda aligeuka. Mwisho wa benchi, katika mwanga ule wa manjano, alikaa msichana mwenye gauni la kanisani lililoanikwa kutwa nzima juani. Alikuwa akinusa kiganja chake. Kisha akanusa bega.

Praxeda alivuka maji ya kabati akachuchumaa mbele yake.

"Dada," alisema. "Kaa hapo. Usiinuke. Akimaliza huyu, ingia wewe."

Msichana alirudisha magoti nyuma ili yasimguse. "Samahani, dada. Najua nanuka."

"Si wewe."

"Ni korona. Baba yangu yuko koronani. Nimezoea tu, ndiyo maana sikujua mapema."

"Si wewe, nakuambia. Ni kabati. Tazama chini."

Msichana alitazama chini, akayaona yale maji, akaona yameishia miguuni pake. Uso ukamwiva kwa haya. Akakusanya gauni, akasimama.

"Nitarudi sasa hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Nishikie nafasi yangu, tafadhali."

Praxeda alimshika mkono. Ulikuwa mkono wenye jasho, wa moto, na ulijua namna ya kujitoa, kwa kuwa shuleni ulikuwa umejitoa katika mikono mingi. Msichana alipita akiomba radhi kwa kila goti. Watu walimpisha haraka. Mlango ukafungwa nyuma yake, na Bwana Ernesti akagonga muhuri wa Luka, akapuliza wino ukauke.

"Umeona," alimwambia Praxeda, bila ubaya. "Mimi sikumtoa."

Luka alitoka nje kwenye hewa safi. Barazani alisimama akitaka kumwambia Praxeda neno, lakini alikuwa ameziba mdomo kwa kitambaa na hakuthubutu kukitoa. Muhula ulipoanza alihamia udaktari. Praxeda aliendelea na ualimu.

Malalamiko kuhusu harufu yalifika juu. Waliandika wenye maduka ya jirani, akaandika mwenye mgahawa. Wakubwa wawili walikuja wakakagua, wakakaa barazani, wakaulizia ni watu gani hasa wanaofika pale. Bwana Idarusi alijibu kwamba wengi ni watoto wa mashambani, wa katani. Wakubwa walitazamana. Baada ya mwezi ofisi iliwekewa bomba la maji uani, na ubao mlangoni wenye maandishi mazuri: watokao mashamba ya mkonge waoge kabla ya kuingia. Bwana Idarusi aliagizwa asimwite mtu wa shamba ambaye nywele zake ni kavu.

Kanuni ziliruhusu kuomba mara ya pili, mwaka unaofuata, mara ya mwisho. Praxeda alirudi Tanga likizo iliyofuata, na siku ya mwisho ilipofika, ambayo tena ilikuwa Alhamisi, Manase aliomba ruhusa kazini akaja naye. Njia nzima, baba akiendesha baiskeli, binti nyuma yake alimweleza juu ya kabati, chumvi, msumari. Manase aliitikia, "Naam. Naam, mwanangu." Alisikia yote. Walipofika uani akaegesha baiskeli, akavua shati.

"Baba, si sisi."

"Najua. Umeniambia." Alifungua bomba akajaribu maji kwa kidole. "Lakini bomba wametuwekea. Tusiwape la kusema. Hebu nipe sabuni."

Mbele yao ilikuwa imepita safu ndefu ya watu wa Pongwe na Maramba, wazazi na wana, kila mmoja na taulo lake, na wote walioga kwa utaratibu, mkubwa kwanza. Hakuna aliyemsukuma mwenzake. Zamu ya Praxeda na baba yake ilifika jua likiwa utosini. Alilowesha nywele upesi, akageuka kwenda mlangoni, kisha akarudi, kwa sababu Manase alikuwa amejipaka povu mpaka machoni na alikuwa akilipapasa bomba asilipate.

Aliushika mkono wa baba yake, akauweka kwenye bomba. Muadhini akaadhini magharibi.

Watu uani walikunja mataulo yao gizani. Mmoja alisema siku za mwaka huu ni fupi, na wengine wakakubali. Manase alisuuza uso, akasikiliza mlango wa ofisi ukifungwa kwa ndani.

"Mwanangu," alisema. "Nusa. Bado ninanuka?"

Praxeda aliinamisha uso begani kwake, akavuta pumzi.

"Unanukia sabuni, baba."

"Basi vema," alisema Manase, akatafuta shati lake kwa kupapasa. Haikuwa kazi ngumu. Chini ya mlango wa ofisi palitoka mwanga wa adhuhuri, mwembamba na wa manjano, ukafika mpaka lilipolala shati.