Shukrani ya Kinyozi Kasuku

Kinyozi huyo walimwita Kasuku, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Mteja akikaa tu kitini, mashine na mdomo vilianza kazi pamoja. Kidonda kilipomtoka ubavuni mwa ulimi kikagoma kupona, akaanza kunyoa kimya, na mkewe ndiye aliyeshtuka.

"Baba watoto, wewe na kunyamaza wapi na wapi? Twende hospitali."

Daktari wa upasuaji alikata kinyama kidogo, kikapelekwa maabara. Ilikuwa saratani, ila changa. Angeondoa kipande cha ulimi, basi. Lakini kabla ya upasuaji akawaita tena, safari hii akiwa na mtaalamu wa maabara, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani.

"Uvimbe ni mdogo, ila tabia yake siipendi," alisema yule mama. "Seli zote za mwili zina jeni zilezile, lakini si zote zinazofanya kazi. Kwenye uvimbe wako, zile zinazoisaidia saratani kupenya na kusambaa zimeamka, tena zinachapa kazi kupita kiasi. Ungekuwa kaka yangu, ningekuomba na tezi za shingo zitolewe, maana saratani ya ulimi hukimbilia huko kwanza."

Kasuku akauliza, "Nitaongea tena?"

"Utajifunza upya, lakini utaongea."

"Basi kateni."

Wakakata. Katika tezi moja, ambayo kwenye picha na kwa kupapaswa ilionekana haina neno, saratani ilikuwa imeshaingia. Ikafuata mionzi. Koo likamuwaka, hata uji ukamshinda, na mkewe akawa anamsoma macho tu.

Alipopimwa tena baada ya miezi kadhaa na kukutwa safi, hakutaka kwenda nyumbani kwanza. Alipanda ngazi hadi maabara, mkewe nyuma yake, akabisha hodi.

"Mama," alisema, ulimi ukijiburuta, "athante. Wangeiacha ile tedhi, thijui..."

Yule mama akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huku juu tunaona vipande vyenu tu, kaka yangu. Mwenyewe hatumwoni. Karibuni ndani."

Akawapeleka chumba cha mapumziko, akawamiminia chai. Kasuku alikunywa taratibu, nyingine ikamtiririka kidevuni. Mkewe akaipangusa kwa kiganja, wakaendelea kunywa.