Kamba ya Siku za Kawaida

Walikuja Jumapili mchana, wote kwa mkupuo, kama watu wanaokwenda kusuluhisha ndoa. Mbele mama mkwe na mfuko wa machungwa. Nyuma yake shemeji, yule waliyemwita Samaki kwa kuwa tangu utotoni maji hayajawahi kumshinda. Nyuma kabisa mume wa mwenye nyumba, aliyetoka kuwapokea getini na sasa anaingia sebuleni kwake mwenyewe kwa kunyata, kama amekuja kuazima ngazi.

Mwenye nyumba alikuwa kwenye kochi, mto mgongoni. Upande wa kushoto wa uso ulikuwa umemvimba, na nyuzi za daktari zilipita juu ya nyusi kama mshono wa gunia. Jicho lilikuwa zima. Daktari alisema lilipona kwa upana wa kidole, akasema kwa furaha, kana kwamba anampongeza.

Kazi yake ilikuwa kukagua lifti za majengo. Alipanda juu ya chumba cha lifti na tochi, akashika kamba za chuma moja baada ya nyingine, akatafuta uzi uliokatika. Asiporidhika alizima lifti na kubandika karatasi nyekundu mlangoni, wapangaji wapige kelele mpaka wachoke. Nyumbani walimwita Mkaguzi. Mwanzoni lilikuwa jina la utani.

"Shemeji," Samaki alianza, amekaa ukingoni mwa kiti, "mimi sina maneno mengi. Nimekosa. Ile damu yako, wallahi, imeniuma kuliko ingekuwa yangu."

Mama mkwe alitikisa kichwa, machozi yamemlengalenga. Mume akatazama zulia.

"Na sikuja mikono mitupu." Samaki akatoa kwenye begi pakiti ya plastiki inayong'aa, akaiweka juu ya meza, karibu na machungwa. "Kamba mpya. Ya ubao wa mawimbini. Ya mashindano kabisa hiyo, nyembamba, ukiivaa mguuni huisikii."

Mkaguzi aliitazama bila kuigusa. Ilikuwa nyekundu, imezungushwa vizuri, na mkanda wake wa kifundoni ulikuwa bado haujaona chembe ya mchanga.

"Ya nani hii?"

"Yako, shemeji. Zawadi."

"Ubao ulionipiga ulikuwa wa nani?"

"Si nimeshasema? Wangu."

"Na kamba unaninunulia mimi."

Samaki akamtazama kaka yake, kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha ya kigeni.

Kamba ya ubao inaunganisha kifundo cha mguu wa anayeteleza mawimbini na mkia wa ubao wake mwenyewe. Akianguka, ubao unaishia pale kamba inapoishia. Kwa hiyo inawalinda walio nyuma yake. Siku ile Mkaguzi alikuwa amevaa ya kwake, nene, ya kila siku, na haikumsaidia kitu, kwa sababu ubao uliokuja usoni mwake haukuwa umefungwa kwa mtu yeyote. Samaki alianguka kwenye wimbi la kiunoni, wimbi la mchezo, na ubao ukaondoka peke yake juu ya povu. Nyuma ya Mkaguzi, mahali ambapo mkono ungefika, alikuwa binti yake wa miaka tisa. Hilo hakuna aliyelitaja sebuleni.

"Umegonga mtu kwa gari," alisema Mkaguzi, "halafu unampelekea breki hospitalini."

"Mwanangu," mama mkwe akaingilia, "pokea kwanza. Mtu akileta kitu kwa mkono wa radhi, kinapokelewa."

"Shemeji, tuseme kweli," Samaki alisema, na tabasamu lake la zamani likaanza kurudi. "Mawimbi yenyewe yale ya kuogeshea watoto! Siku ya mawimbi makubwa navaa kamba, hilo sikatai. Lakini siku za kawaida? Wenzangu watanicheka. Samaki akifungwa kamba, si ameshavuliwa huyo?"

Mume alicheka kidogo, kisha akaona macho ya mkewe, akakohoa.

"Siku ya mawimbi makubwa," Mkaguzi alisema, "mko watu wanne majini, na kila mmoja anajua mwenzake yuko wapi. Siku za kawaida tuko pale sote, na watoto wetu, na wazee wanaojifunza kuelea. Unavaa kamba siku ambayo hakuna wa kumpiga. Siku ambayo kuna wa kumpiga, unaivua."

"Basi yaishe! Nitavaa." Samaki aliinuka, akaweka mkono kifuani. "Naahidi mbele ya mama. Kuanzia leo, ubao wangu na mguu wangu, kamba."

"Umesikia?" mama mkwe alisema kwa shukrani. "Haya, na wewe sema."

Neno lililotakiwa lilikuwa fupi. Mwenyekiti wa chama chao cha kuteleza mawimbini, muuguzi mstaafu asiyependa makelele, alikuwa ametangaza kwamba Samaki atachukua darasa la watoto kuanzia Jumamosi, mradi aliyeumia awe hana neno. Darasa lenyewe ndilo alilokuwamo binti yake. Ndiyo maana ya machungwa.

"Nitasema Jumamosi," alijibu. "Nikishaona."

"Una moyo mgumu, mwanangu."

"Mama, moyo wangu haumo katika jambo hili. Mimi nimeongelea kamba. Ninyi ndio mnaoongelea moyo tangu mmeingia."

Walipoondoka aliichukua ile pakiti, akamtuma mume wake akimbie nayo getini. Mwambie avae yeye, alisema.

Jikoni, mume aliosha glasi kwa bidii ambayo haikuwa ya kawaida yake.

"Kaomba radhi mara mbili, mama watoto. Unataka apige magoti?"

"Kaomba radhi kwa jicho langu. La mtoto wako je?"

"La mtoto halikuguswa."

"Lifti ikikatika kamba ikaangukia ghorofa ambayo haina mtu, naandika haikukatika?"

"Mdogo wangu si lifti."

"Naona. Lifti huwa haitoi ahadi."

Mume aliweka glasi juu ya taulo na kutoka, akafunga mlango wa jikoni taratibu, mlango ule wa buluu waliopaka rangi pamoja mwaka jana, wakagombania brashi na kucheka mpaka rangi ikamwagika. Mkaguzi alibaki akiutazama. Alikuwa na hasira, lakini bado ilikuwa hasira kwa mtu mmoja tu, Samaki.

Alhamisi, akitoka kazini, alipitia banda la chama kuchukua ubao wake. Banda lilikuwa la mabati, mbao zimesimamishwa ukutani kama vitabu, kila moja na mahali pake. Ubao wa Samaki aliujua: mweupe, mrefu, na mstari mweusi katikati. Hakuwa amekuja kuutafuta. Lakini ulikuwa mbele yake, na mikono yake ilikuwa na tabia zake. Aliuvuta, akaulaza juu ya mkeka, akaenda moja kwa moja kwenye mkia.

Kila ubao una tundu mkiani, kikombe kidogo cha plastiki kilichozamishwa ndani, na katikati yake kijiti cha chuma. Kijiti hicho ndicho kinachofungwa uzi wa kamba. Hapakuwa na kikombe. Alipitisha kidole gumba, akadhani amekosea upande, akapitisha tena. Ngozi ya ubao ilikuwa laini moja kwa moja, isipokuwa duara moja, dogo kama kifuniko cha chupa, lililojazwa gundi ngumu, likapigwa msasa, likapakwa rangi.

Alikaa chini kwenye mkeka.

Kwa hiyo wakati ule, mkono kifuani, ubao wangu na mguu wangu, kamba, yule mtu alikuwa anajua. Hapakuwa na mahali pa kufungia. Ahadi yake ilikuwa ya kufunga kamba kwenye hewa.

Hasira ilimpanda, nzito, ya kutafuta kitu cha kutupa. Aliizuia kwa njia anayoijua, kwa kutazama. Alisogeza ubao kwenye mwanga wa mlango. Duara halikuwa jeupe kama ubao. Aliyelipaka hakuwa na rangi nyeupe, akatumia aliyokuwa nayo. Lilikuwa buluu.

Buluu ya mlango wa jikoni kwake.

Usiku ule alimngoja mumewe aketi, ndipo akauliza. Hakupandisha sauti. Binti alikuwa chumba cha pili anafanya hesabu.

"Tundu la ubao wa mdogo wako limezibwa kwa rangi yetu."

Mume alifumba macho. "Alisema linaingiza maji."

"Ukamwamini?"

"Aliniomba nimshikie tu ubao, azibe. Rangi ilikuwa imebaki kidogo kwenye kopo. Nikasema hata hivyo tutaitupa."

"Na Jumapili ulikuwa umekaa pale. Ukamsikia anaahidi. Ukaniambia nina roho mbaya."

"Sikusema roho mbaya."

"Ulisema nataka apige magoti."

Mume alinyoosha mkono juu ya meza, na Mkaguzi akauondoa wake, bila ukali, kama mtu anayesogeza kikombe kisimwagike.

Jumamosi asubuhi watoto walikuwa wamejipanga mchangani, mbao zao za sponji miguuni, kila mmoja amefungwa kamba kama mwenyekiti anavyotaka. Wazazi walisimama nyuma na mataulo. Samaki alikuja kutoka bandani akitembea katikati ya macho yao, ubao kwapani, na kifundoni kwake, nyekundu, inang'aa, ile kamba ya zawadi. Sehemu iliyobaki aliizungusha kwenye mapezi yaliyo chini ya mkia wa ubao, jinsi watu wanavyofanya wakibeba. Ukimtazama kwa mbali huoni kasoro.

"Haya, shemeji!" aliita kwa sauti ya kusikiwa na wote. "Samaki amevuliwa! Umefurahi?"

Wazazi wakacheka. Mama mkwe, ambaye hakuwahi kufika ufukweni asubuhi, alikuwa amekuja makusudi, na kiti chake. Mwenyekiti alimgeukia Mkaguzi.

"Una neno?"

"Aweke ubao chini."

"Shemeji, jamani, watoto wanangoja."

"Weka ubao chini, ufungue kamba kwenye mapezi, halafu urudi nyuma hatua chache."

Kicheko cha Samaki kilibaki usoni bila sauti. "Nitaifunga majini."

"Utaifunga wapi?"

Hakusogea. Ni binti, kwa kutaka kumsaidia baba yake mdogo anayempenda, aliyeinama akafungua kamba kwenye mapezi. Mwisho wake ukaanguka mchangani. Mtoto aliuokota, akaugeuza ubao, akatafuta tundu. Akatafuta tena. Kisha akainua uso.

"Baba mdogo, lako liko wapi?"

Hakuna aliyecheka.

"Kwa sababu ya kitundu!" Samaki alifoka, uso umembadilika. "Mtu mzima unaniaibisha mbele ya watoto kwa sababu ya kitundu! Miaka yote naingia majini, nani amekufa? Nani? Sema, shemeji, si unapenda kusema!"

"Hajafa mtu," alisema Mkaguzi, na sasa sauti yake ilitetemeka, na hakujali. "Ulipoanguka, huyu aliyeuliza lako liko wapi alikuwa nyuma yangu. Kimo chake unakijua. Nyusi yangu ndiyo iliyoufikia ubao wako kwanza, basi. Uliziba tundu. Ukaja kwangu ukaapa. Ukamliza mama yako sebuleni kwangu. Nina neno. Ninalo neno kubwa."

Mwenyekiti hakusema mengi. Aliwaambia watoto leo atawafundisha yeye, kwenye maji ya magotini. Samaki alichukua ubao akaondoka, kamba nyekundu inaburuta mchangani nyuma yake. Binti alikwenda majini bila kumtazama mama yake, na njia nzima ya kurudi nyumbani hakusema, ila mara moja: "Ungemwambia pembeni."

Labda. Mkaguzi alilifikiria hilo, akaona kwamba pembeni alishaambiwa.

Wiki nzima nyumba ilikuwa na adabu ya baridi. Mume alipika, akafagia, akapaka mafuta bawaba za mlango wa jikoni. Mkaguzi alimwacha.

Kengele ililia Jumamosi iliyofuata, kabla ya chai. Mlangoni alikuwa mama mkwe, amekumbatia ubao mrefu kuliko yeye, jasho linamtoka. Getini, akiwa amesimama kama amewekwa, Samaki.

"Nimembeba mwenyewe," mama mkwe alisema, maana ubao ule aliuita *huyu*. "Nilimwambia yule pale getini hatamgusa mpaka wewe uone. Kagua."

Akaulaza barazani. Duara la buluu lilikuwa limetobolewa. Ndani yake kilikuwa kikombe kipya, gundi safi pembeni, imekauka vizuri. Kamba haikuwa ile nyekundu. Ilikuwa nyeusi, nene, ya kila siku.

Mkaguzi alipiga magoti. Alibonyeza ukingo wa kikombe pande zote. Alitazama uzi unaoshika kamba. Ulikuwa mrefu mno, ungeiacha kamba ifike ukingoni na kuukata ubao kama msumeno. Aliufungua, akaufupisha, akaufunga upya. Akavaa mkanda kifundoni kwake, akamwambia mume wake, aliyekuwa amesimama mlangoni, akalie ubao. Kisha akavuta kwa mguu, kwa uzito wake wote, mara ya kwanza, ya pili. Ya tatu aliivuta kwa hasira tu. Kamba ilinyooka, ikalia kidogo, ikashika.

"Haya," mama mkwe alisema kwa upole. "Na lile neno?"

"Kwa ubao, sina neno. Nitamwambia mwenyekiti leo."

Getini Samaki alishusha mabega.

"Na kwake?"

Mkaguzi alivua mkanda, akaupiga vumbi, akaufunga usikusanye mchanga.

"Kwake bado ninalo," alisema. Kisha akamtazama mume wake, ambaye bado alikuwa amekalia ubao, magoti juu, hajui kama anaruhusiwa kuinuka. "Na kwa huyu pia."