Vidonge vya Duara la Pantaleo

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne, majibu ya damu yalifika kutoka maabara hadi Nyarugusu, kwenye machimbo ya dhahabu. Watu wanane wa duara moja, yaani wanaochimba shimo moja, walikuwa na dawa mwilini, wote kwa kiwango kilekile: nusu ya kipimo.

Hosiana, mfamasia wa kituo cha utafiti, aliyasoma mara mbili. Kituoni ni yeye tu aliyekuwa na orodha ya siri. Wanne kati ya wale wanane walipewa dawa halisi. Wanne walipewa vidonge vya unga mtupu, vya rangi na umbo lilelile, ili ijulikane kama dawa inafanya kazi kweli. Damu ya hao wa unga haikupaswa kuwa na kitu.

Dawa yenyewe ilikuwa ya watu waliopungukiwa kumbukumbu na akili kwa maradhi ya ubongo. Hukaa kwenye vipokezi, zile sehemu za chembe za ubongo zinazopokea ujumbe, na kuviamsha. Hapa ilijaribiwa kwa watu walioharibiwa na moshi wa zebaki. Kwa nusu ya kipimo haisaidii chochote.

Alifungua faili la Melania, Mama Wema, aliyewachomea wenzake dhahabu yenye zebaki kwa miaka kumi na mmoja; kati ya wanne wa dawa halisi, ni yeye tu aliyekuwa amepata nafuu. Siku ya kwanza alikumbuka maneno mawili kati ya kumi. Wiki ya sita, maneno saba. Wiki ya kumi na mbili, mawili.

Hosiana alifunga faili kwa nguvu hata kikombe kikaruka, akapanda bodaboda mpaka mwaloni, wanakooshea mawe yaliyosagwa.

“Mwangaluka, daktari,” Pantaleo, kiongozi wa duara, alimwamkia kwa Kisukuma.

“Mmefanya nini na vidonge?”

“Tumegawana.” Alijibu kama aliyeulizwa kama amekula.

“Mmegawana vipi?”

“Si ulitukalisha hapahapa, wote, ukasema nusu yetu tutapewa unga? Tukamwona Mama Wema anaamka, sisi wengine tumelala vilevile. Tukajua unga ndio sisi. Tukamwaga chupa zote kwenye karai, tukachanganya, tukagawa. Mgao ni mgao.”

“Nilisema kila mtu ameze vyake.”

“Ulisema. Hapa mtu hali peke yake, daktari.”

“Yeye alijigawia kwanza,” mtu alidakia kutoka nyuma.

“Nyamaza wewe, ulitaka mpaka karai,” Pantaleo alimrudishia.

Walicheka. Hosiana aliwaacha wamalize.

“Nusu ya dawa hii ni sawa na maji,” alisema. “Hamjapona hata mmoja. Na Mama Wema mmemrudisha alikotoka.”

Melania alikuwa ameketi kando ya beseni tupu, mikono ikitetemeka. Hosiana alimwita jina lake, kisha jina la mwanawe. Hakugeuka.

“Alikuwa ameanza kunitania tena,” Pantaleo alisema polepole. “Aliniita kichwa cha karasha, kigumu kama mashine ya kusagia mawe. Nikasema kama dawa ndiyo hii, tupate wote. Mimi mwenyewe napotea nikienda chooni.”

Hosiana alirudi kwenye bodaboda.

Kituoni, Dokta Ignas, msimamizi wa utafiti, alisikiliza akiwa amesimama.

“Wanane wote nje,” alisema. “Asiyefuata dozi anaondolewa. Ni kanuni.”

“Ya kumi na nne nayo ni kanuni. Aliyepata nafuu, akaipoteza kwa kosa la kituo, arudishiwe dawa. Huyo ni Melania.”

“Kosa gani la kituo?”

“Mwongozo unasema tuwaandikishe mmoja mmoja, wasiwe wa duara moja. Wewe ulitaka idadi itimie, ukaagiza duara zima liandikishwe kwa siku moja. Mimi nikakubali, nikawaeleza wakiwa pamoja. Nilijua wanaishi vipi.”

“Hawa wameibiana dozi, Hosiana. Andika hivyo.”

“Hawakuibiana. Wamegawa sawasawa mpaka kidonge cha mwisho, na damu inaonyesha. Kituo hiki hakijawahi kufanya kitu sawasawa namna ile.”

“Ukiandika unavyosema, unaondoka nawe.”

“Najua.”

“Sisaini.”

“Sijakuomba.”

Aliandika kurasa mbili. Hakuweka neno la kumsingizia Ignas wala la kujitetea. Jina lake alilitanguliza kwenye orodha ya waliokosea. Saa kumi na dakika arobaini jioni aliituma taarifa kwa bodi ya maadili ya utafiti.

Jibu lilikuja Jumatano mchana. Watu saba wa duara wameondolewa. Melania apewe chupa mpya na ameze kituoni kila siku mbele ya mfamasia. Dokta Ignas na Hosiana wasimamishwe kazi mara moja.

Alhamisi asubuhi Hosiana alimkabidhi funguo na orodha Charles, mfamasia aliyetumwa kushika nafasi yake. Walikuwa bado wanahesabu chupa Pantaleo alipoingia, amemshika Melania mkono. Charles alitoa kidonge kwenye chupa mpya.

“Hiki ni chake peke yake?” aliuliza.

“Chake peke yake,” alisema Hosiana.

“Na sisi?”

“Nyinyi hamna. Mmeondolewa.”

“Kwa sababu tuligawana.”

“Kwa sababu tuliwaandikisha vibaya. Nimeandika hivyo.”

“Umeandika,” alisema Pantaleo. “Na sisi tunabaki na unga.”

Alichukua kikombe cha maji mezani kabla Charles hajakigusa, akakishikilia mdomoni mwa Melania. Saa nne na dakika ishirini, Melania alimeza kidonge kimoja. Charles aliandika saa hiyo kwenye fomu.