Shughuli ya Picha ya Hasina

Jumamosi ile tulikuwa wachache kuliko viti vya mstari mmoja: wifi yangu Hasina, Jenifa mwenye projekta, na mimi na Rahimu wangu mgongoni, ambaye alisinzia kabla picha haijaanza. Tulikuwa tumepanga darasa zima la shule ya Tongoni, tumeziba madirisha kwa kanga ili giza lipatikane alasiri ile. Kisha tukakaa tukisikiliza kuku wa mwalimu wakiparura nje.

"Labda wamechelewa," nikasema.

"Wifi, huku si kuchelewa," Hasina akajibu. "Hawaji."

Hasina ni mdogo wake mume wangu. Miaka miwili aliwafuata wanawake wa Tongoni wanaolima mwani, maji yakipwa naye yumo, yamemfika mapajani, kamera ya kuazima kainyanyua juu ya kichwa. Filamu yake inaitwa Shamba la Maji Kupwa. Si ya kuigiza. Ni wao wenyewe, na kazi yao, na utani wao.

Kuitengeneza aliweza. Kuwafikishia watu ndiko kulikomtoa jasho. Zamani, alituambia, ungempelekea msambazaji, angeitia kwenye diski ikauzwa mpaka stendi za mabasi. Siku hizi diski nani anazo? Televisheni walimwambia arudi akiwa na mdhamini. Akaiweka mtandaoni, ikayeyuka kama chumvi majini.

Zikabaki njia mbili. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilitaka kuiweka kwenye programu yake ya simu, ila kwa mkataba wa miaka saba, iwe yao peke yao, isionyeshwe popote pengine, hata hapo Tongoni. Njia ya pili ilikuwa Jenifa, Mbondei wa Muheza, mcheshi, anayezunguka na gari na wenzake wakionyesha filamu kijiji kwa kijiji, Pangani mpaka Horohoro. Lakini wao wana sharti: filamu inaanzia nyumbani kwake. "Wenyewe wasipokuja kuitazama," Jenifa alisema, "huko kwingine niwaambie watu nini?"

Na wenyewe hawakuja.

"Nasaini ya Dar," Hasina alisema akikunja kanga za madirishani. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Wifi, hata shangazi Mwamvua! Yumo filamu nzima, na nyumba yake ile pale, ukipiga chafya anakuombea rehema."

Jenifa akamshika bega. "Usisaini bado. Jumamosi nyingine narudi. Lakini ni hiyo tu, mdogo wangu, gari lina wenyewe."

Mimi sikuvumilia. Nikapita moja kwa moja kwa shangazi. Nilimkuta kakalia mbuzi, anakuna nazi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Nipe huyo mume wangu nimpakate."

Nikampa Rahimu. "Shangazi, leo hukuja kwenye picha ya Hasina."

"Nije?" Akanitazama kama niliyemtukana. "Kwani nilialikwa?"

"Si alituma tangazo kwenye grupu la wasapu? Tena lina sura yako!"

"Nimeliona. Zuri sana. Nikasema moyoni, hao walioalikwa wana bahati."

Nikakaa chini kwenye mkeka. "Na wenzako wengine?"

"Wenzangu hivyohivyo. Bi Zuwena kashinda kibarazani alasiri yote, kaoga, kajifukiza udi, anangoja mtu aje amwambie. Hakuja mtu. Sasa aende shughuli ya watu kwa kuchungulia simu? Kesho ataitwa mdowezi!"

Nilicheka mpaka Rahimu akashtuka mapajani mwa shangazi. Mimi ni wa Pongwe, kwetu spika ikipita barabarani imetosha. Lakini Hasina kazaliwa papa hapa! Angekuwa anaolewa asingethubutu kualika kwa ujumbe wa simu. Kwa vile ilikuwa filamu, alidhani filamu ina taratibu zake nyingine.

Nilipomweleza Hasina, shangazi akiwa kanifuata, alijishika kichwa. "Mimi nilijua hii ni kazi, si shughuli."

"Kinachokusanya watu ni shughuli," shangazi akamjibu. "Na shughuli ni watu. Vaa, twende."

Siku zile yalikuwa maji mafu, bahari haipwi sana, kwa hiyo wanawake hawakuwa mashambani. Tulianza mtaa wa msikitini. Shangazi mbele, Hasina nyuma yake kajitanda, mimi na mtoto tukifuata.

"Hodi wenyewe!"

"Karibuni!" Bi Zuwena alitoka upesi, nadhani alikuwa nyuma ya mlango.

"Tumetumwa na Hasina binti Idarusi. Jumamosi mnaitwa shuleni, mkishasali alasiri. Wakubwa kwa wadogo."

"Anaolewa?"

"Haolewi."

"Ya Rabi, tutangoja mpaka lini?"

"Bi Zuwena!" Hasina akapiga kelele, anacheka.

"Haya, basi ni shughuli ya nini?"

"Ya picha," shangazi akasema. "Na wewe umo."

"Nimo vipi?"

"Umeinama."

Tulijishikiza ukutani kwa kicheko. Bi Zuwena alipopata pumzi alifuta macho, akauliza kwa dhati kabisa, "Na sare yake ipi?"

Hasina akamgeukia shangazi. Shangazi hata hakupepesa.

"Kanga ya kijani. Rangi ya mwani."

Tukaenda mbele. Nyumba ya tatu tulipobisha, walishaijua sare kabla yetu, na walikuwa wanagombana kijani gani.

Jumamosi darasa lilijaa mpaka watoto wakakaa juu ya meza za nyuma. Kijani tupu! Kanga za kuziba madirisha hazikupatikana, zote zimevaliwa, Jenifa akashusha turubai la gari. Alisimama mbele, akasema "Shikamooni," akajibiwa kwa kishindo, akawasha projekta.

Picha ikaanza. Nilidhani watanyamaza. Wapi! Maji yalipoonekana walipiga vigelegele. Shangazi alipotokea na kamba zake za mwani begani, mtu akasema, "Mtazameni, utafikiri ana mashamba saba!" Yeye akajibu palepale, "Kama ningekuwa na saba, la nane ningekupa wewe mvivu." Bi Zuwena alipojiona ameinama, alisimama. "Rudisha!" akamwamuru Jenifa. "Rudisha nijione vizuri. Kumbe mgongo wangu bado ni wa kike!" Jenifa akarudisha.

Kuna mahali ndani ya filamu mwani unaoza wote kwa joto la maji, na wanawake wanakusanya kamba tupu bila kusema neno. Hapo darasa nalo lilinyamaza. Nilisikia mtu akivuta kamasi. Halafu kwenye picha wakaanza kufunga mbegu upya, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema polepole, "Ndiyo. Ndivyo tulivyofanya." Nilimtafuta Hasina kwa macho. Alikuwa hatazami filamu hata kidogo, anawatazama wao.

Taa zilipowaka, mgeni mmoja kutoka Kigombe, mkwe wa Bi Zuwena, alisimama. "Sisi nasi tunalima mwani. Mbona hamtualiki?"

"Wiki ijayo!" Jenifa akadakia, uso wote unacheka. "Filamu hii tunaibeba. Kesho tu nabandika mabango huko kwenu."

"Mabango!" Kina mama waliangua kicheko, mpaka mwenyewe akaanza kucheka asijue anachekea nini.

Shangazi akasogea mbele. "Mwanangu, gari lako lina nafasi ngapi?"

Jioni ile Hasina aliwaandikia watu wa Dar, akawashukuru, akawaambia filamu imepata wasambazaji. Mimi nilisoma nikichungulia juu ya bega lake, na nilimwona anaandika "wasambazaji wangu" halafu anatabasamu peke yake.

Jumanne tulikuwa Kigombe. Shangazi kakaa kiti cha mbele kama bibi harusi. Mkono wa Jenifa ulikwenda kuwasha spika ya gari, shangazi akaushika, akaurudisha kwenye usukani taratibu. Tukashuka. Mbele ya nyumba ya kwanza nilimngoja shangazi apaze sauti yake, lakini alikaa pembeni, akamsukuma Hasina mgongoni.

"Sema mwenyewe. Wenye nyumba wanataka kukusikia."

Hasina akajitanda vizuri, akakohoa kidogo, akabisha hodi.